Mlango kwenye Ukuta wa Kamanda

Tangazo lilibandikwa Jumatatu kwenye ofisi ya kagari, yaani serikali yetu ya mtaa, nasi tukalijadili siku tatu kabla ya yeyote kati yetu kulisoma. Hiyo ndiyo desturi yetu pale kwa Winifred. Jambo ukilisoma kwanza, linakupunguzia uhuru wa kusema.

Kwa Winifred ni baa ya maziwa. Nieleze hilo mapema, maana ndugu zangu wa Bukoba nikiwaambia kila jioni nipo baa huniombea, na nikiwaambia ni ya maziwa hunionea huruma. Kigali ndio mji ambao wanaume wazima hukaa mbele ya bilauri ya maziwa ya moto au ya mgando, wakagombana mpaka jasho likawatoka, kisha wakarudi nyumbani na akili zao timamu. Mlevi wa pombe kesho yake husema iliyosema ni chupa. Sisi tuliyoyasema tumeyasema.

Vinara wa baraza letu la Niboye ni wanne. Kamanda ndiye Benon, Mnyarwanda aliyekulia Mbarara. Alikuwa mtunza bohari mpaka akastaafu, na hajapata kushika bunduki, ila hata chapati huiagiza kama mtu anayepeleka kikosi mbele. Vigae ndiye Njoroge, Mkenya anayeuza vigae vya sakafu. Mtu huyu hata msibani huangalia chini kwanza. Yupo Régis, mzee wa Bukavu, zamani mchoraji wa ramani za majengo, ambaye wakati huo alikuwa bado hana jina la utani. Na mimi wananiita Tafsiri, kwa kuwa nalipwa kutafsiri nyaraka kwa Kiswahili katika mji ambao kila mtu ana Kiswahili chake. Cha Winifred kina sarufi ndogo kuliko changu, lakini yeye anauza.

Baa yenyewe ilikuwa imejificha. Unaingia geti lisilo na kibao, unapita kamba ya nguo za mwenye nyumba, unakuta banda la mabati, benchi mbili na pipa la chuma la maziwa. Aliyepo barabarani hakuoni. Sifa hiyo hatukuwahi kuitaja, lakini nadhani ndiyo tuliyoipenda kuliko maziwa.

Alhamisi Régis alikuja na picha ya tangazo kwenye simu. Alikuwa amelisoma, jambo ambalo Kamanda alilichukulia kama utovu wa nidhamu. Akatueleza kwamba barabara yetu, kuanzia mzunguko wa magari mpaka kanisani, imepangwa iwe kitovu cha mtaa. Mpango wa zamani ulitenga: huku watu walale, kule wauze, kule waandike, na ukitaka mkate upande pikipiki. Huu mpya haukuulizi sana unafanya nini ndani. Unaangalia nyumba imesimamaje. Isogee karibu na njia ya waenda kwa miguu, iwafungulie mlango na madirisha, isizidi ghorofa nne. Chini duka, juu watu wanaishi, magari yakae nyuma, mbele uwepo mti.

"Niko nasema hivi," Régis alisema. "Hawana shida na tumbo la nyumba. Wako wanaangalia fasadi."

Vigae akaweka bilauri chini, akauliza huyo fisadi ni nani na kama ameshakamatwa. Ilituchukua robo saa kuelewana. Kwa Kifaransa cha Régis, fasadi ni uso wa jengo, upande unaotazama barabara. Mimi kama mtaalamu nikaingilia kati, nikaeleza kwamba katika Kiswahili sanifu fasadi ni mtu mharibifu, na kwa maelezo hayo nikaharibu hata kile kidogo kilichokuwa kimeeleweka. Tangu siku hiyo Régis ni Fasadi.

Kamanda akasimama kuhutubia. Alisema nchi inakimbia na raia lazima wavutwe. Alisema ni aibu mtu mzima kupanda pikipiki kwenda kununua chumvi, na kwamba watu wanaojificha nyuma ya kuta ndio wanaorudisha mtaa nyuma. Akatuagiza tuuunge mkono mpango bila maswali. Tukauunga, maana sisi hotuba ya mtu aliyesimama hatuikatai. Kwa ajili ya ukweli nitaje kwamba Kamanda anakaa mita mia moja kutoka pale, na alikuwa amekuja na gari. Vigae alikuja na pikipiki kutoka upande wa pili wa mzunguko. Mimi nyumba yangu naiona nikisimama getini kwa Winifred, lakini iko juu ya kilima, na mimi pia nilikuja na pikipiki.

Winifred alikuwa amesimama na bilauri nne mikononi. Alimsubiri Kamanda akae, ndipo akauliza swali lake moja.

"Na mimi iko wapi kwa hiyo picha?"

Ndipo tukajua. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia tangu mwezi wa tano kwamba hati ya ile nyumba ni ya kuishi, si ya kuuza, na kwamba ikifika mwisho wa mwezi wa nane awe ameondoka. Miaka minane alikuwa pale. Tulikuwa katika wiki ya pili ya mwezi wa saba, na kila jioni tangu apewe habari hiyo tulikaa mbele yake tukipanga hatima za mabara. Hakuna aliyemuuliza kwa nini siku hizi haimbi akiwasha jiko.

Fasadi akamwambia kwamba mpango mpya unamkubali. Anaweza kuuza maziwa popote kwenye barabara ile, mradi mlango wake utazame barabara. Mlango wake ulikuwa unatazama kamba ya nguo.

"Chumba kama hiyo nimetafuta," Winifred alisema. "Nimetembea toka huku mpaka kanisa. Iko kuta tu. Ukuta, ukuta, geti, ukuta."

Fasadi akaivuta picha ya mchoro ikawa kubwa, ili amwonyeshe mahali panapofaa. Kwenye kona, mchoraji alikuwa ameweka mlango mpana, dirisha refu, mti, na kina mama wawili wenye vikapu. Vigae akainama akaangalia, akasema taratibu, "Kamanda, hapa si kwako, bana?"

Kamanda akavaa miwani. Aliuangalia mchoro kwa muda ambao mtu anaweza kunywa nusu bilauri, kisha akauliza nani amewachora wale kina mama nyumbani kwake, na kwa ruhusa ya nani. Hotuba ya pili aliitoa akiwa ameketi. Alitaja usalama, akataja heshima, akataja mila za watu wa mifugo ambao hata ng'ombe walimwekea boma. Alisema mpango ni mzuri sana, ila ungeanzia kona ya wenzake. Nasi tukaiunga mkono hotuba ya pili kwa moyo uleule tulioiungia ya kwanza.

Winifred akakusanya bilauri zetu zikiwa bado na maziwa. Hakuwahi kufanya hivyo kabla.

Kikao cha wakazi kiliitishwa Jumanne iliyofuata, alasiri. Tulikutana mara tatu kujiandaa. Tulikubaliana nani aanze kusema, nani afuatie, na nani asahihishe Kiswahili. La kusema hatukulifikia. Tulitegemea viti, meza, na mahali pa kuegemea.

Afisa wa mipango alikuwa binti anayeitwa Shami, amevaa raba, ana daftari dogo. Akasema hakuna viti. Tutatembea sote kutoka mzunguko mpaka kanisani, na mwenye neno atasimamisha msafara mahali neno lake lilipo. Tulikuwa watu kama arobaini.

Nakiri hapa kwamba kwa miaka sita nilikuwa sijawahi kuitembea barabara ile. Ukiwa juu ya pikipiki ni dakika moja na nusu, na unachokiona ni kofia ya dereva. Kwa miguu niliiona. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwa pana, imefagiliwa kama sahani, na haina mtu. Kushoto ukuta, kulia ukuta. Hakuna pa kununua maji, hakuna kivuli, hakuna mtu wa kumsalimu. Vigae alikuwa amevaa viatu vyenye ncha ili aonekane mfanyabiashara, na kufikia geti la tano akaanza kutembea kama anayekanyaga mayai. Fasadi alikuwa akihesabu kwa sauti: mageti ishirini na sita, dirisha moja, nalo la kibanda cha mlinzi. Mimi nilikuwa nahema kiasi kwamba bibi mmoja aliniuliza kama nimetoka hospitali.

Mbele ya msafara alitembea mama mmoja wa makamo mwenye mfuko wa sokoni, hatua zake nyepesi, ingawa mguu mmoja aliuburuza kidogo. Alikuwa akizungumza na Winifred. Ni Kabagwira, mke wa Kamanda. Miaka yote ile nilikuwa nimemsalimu labda mara nne, zote harusini. Kamanda alipoulizwa habari zake alisema yupo, hajambo, na tukaendelea na mada. Nikamsikia akimwambia Winifred kwamba njia hii huipita kila siku kwenda sokoni, kwa kuwa gari huwa na mzee.

Tulipofika kwenye kona, msafara ulisimama. Ukuta wa Kamanda ulikuwa na urefu wa hatua arobaini na kimo cha karibu mita tatu, na juu yake vipande vya chupa vimepandwa kama bustani. Kamanda akajitokeza, akaweka kiganja kwenye ukuta wake, akaeleza habari za wezi. Shami alimsikiliza mpaka mwisho, akiandika, kisha akauliza kama wezi wamewahi kuja. Kamanda akajibu kwamba wamekuja mara tatu, na hiyo ndiyo inaonyesha ukuta unavyohitajika.

Kabagwira akainua mkono. Aliuinua kama mkazi anayeomba nafasi kikaoni, na Shami akampa.

"Mara zote tatu waliingia mchana," alisema. "Na hakuna aliyewaona, kwa sababu ya huu ukuta. Mwizi akishaingia ndani anafanya kazi yake kwa nafasi, kama yuko kwao."

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Sawa, mcheke. Lakini mwaka jana, mwezi wa pili, nilianguka nyuma ya jiko, mguu ukavunjika. Simu iko ndani. Nikaita. Nilikuwa nasikia watu wanapita hapa mliposimama, nasikia mpaka wanachozungumza. Wao hawanisikii. Nililala pale toka saa tisa mpaka jua likazama."

Shami akamuuliza kwa sauti ya chini mzee alikuwa wapi.

"Kwa Winifred. Walikuwa na mazungumzo."

Jioni ile naikumbuka. Tulikuwa tunaamua nani apewe kuifundisha timu moja ya mpira ya Uingereza, na nilikuwa nimewashinda wote kwa hoja. Kesho yake Kamanda alituambia mama ameteleza kidogo. Tukasema pole, tukaagiza maziwa mengine.

Kamanda aliondoa kiganja chake ukutani. Hakuhutubia. Nilitazama viatu vyangu, nikaona Vigae naye anavitazama vyake.

Shami alieleza kwamba hakuna atakayebomolewa. Kuta zilizopo zitakaa mpaka mwenyewe atakapojenga upya. Ila anayetaka kuanza sasa, mlango wake na uutazame mtaa, naye atasaidiwa kibali. Kabagwira akasema kwamba kwenye hati ya kiwanja kile pana majina mawili, moja ni lake, na yeye anaanza. Kamanda akasema mambo hayo yatazungumzwa nyumbani. Mkewe akakubali, ila akapendekeza watoboe dirisha kwanza ili majirani wasaidie kusikia.

Siku tano Kamanda hakuonekana. Pale barazani tulijadili tuwe upande wa nani. Tulimwogopa Kamanda, lakini Winifred ndiye aliyekuwa na maziwa, na bilauri zake siku hizo zilikuja zikiwa vuguvugu. Siku ya Jumapili mimi na Vigae tulipita ile kona tukirudi kwetu, kwa miguu kwa kuwa pikipiki zilikuwa adimu, na njiani tukasema yote tuliyoogopa kuyasema mbele yake: kwamba Kamanda ni wa mdomo, kwamba anamwogopa mkewe, kwamba ukuta ule ndicho cheo pekee alichowahi kupata. Tulisema kwa raha, kama watu walio peke yao.

Jumatatu tukaunda kamati ya usuluhishi ya watu watatu, tukaenda kwake. Tuligonga geti. Mbwa alibweka, hakuna aliyekuja. Vigae aligonga kwa ngumi mpaka mkono ukamuuma, Fasadi akagonga kwa funguo, mimi nikaita kwa Kiswahili sanifu. Mwishowe tukampigia simu. Tulisimama nje ya ukuta tukizungumza na mtu aliye ndani, sauti yake tukiisikia mara mbili: kwenye simu, na kwa mbali, hafifu, nyuma ya matofali.

Alikuja akatufungulia, akatupeleka nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kigoda kando ya ukuta wa jiko, karibu na mahali pa kuanikia vyombo. Akakikalia. Alionekana hajanyoa siku kadhaa. Hakutukaribisha kukaa, na hapakuwa na pa kukaa.

"Nakuja hapa kila siku saa tisa," alisema. "Nilitaka kujua kama alisema kweli. Ni kweli. Unasikia kila kitu."

Akatutazama mimi na Vigae, bila hasira.

"Jana mlipita ninyi wawili mkinisema. Nikawaita. Nimewaita kwa majina yenu ya kweli, si ya utani. Hamkugeuka."

Fasadi ndiye aliyetuokoa. Alienda mpaka ukutani, akaupima kwa kiganja, akarudi nyuma hatua sita, akafumba jicho moja. Akauliza kama nyumba hii ina karatasi kubwa na penseli.

Kwa siku mbili alichora chumba cha maziwa cha Winifred, kikiegemea ukuta kwa ndani, mlango wake ukitazama barabara. Ulikuwa mchoro wake wa kwanza katika miaka kumi na tisa, na aliufanya kwa uzito wa mtu anayejenga kanisa kuu, ulimi nje. Kwanza alichora nguzo nne na tao. Shami alipokuja akaziondoa nguzo, akaondoa na tao, akapanua dirisha, akashusha kizingiti kiwe sawa na njia, ili mwenye mguu mbovu asijikwae. Akaonyesha pa kupanda mti. Fasadi alinung'unika jioni nzima kuhusu zile nguzo, lakini kesho yake alikuja amevaa koti.

Vigae alitoa mabaki ya vigae vya rangi nne tofauti, kila boksi lina kasoro yake, hivyo sakafu ya chumba kile mpaka leo inaonekana kama kikao chetu. Mimi nilijitolea kuandika kibao. Niliandika maneno kumi na saba, yote sahihi. Winifred akayafuta, akaacha moja: Maziwa.

Siku ya kubomoa Kamanda alishika nyundo mwenyewe. Alituomba tusimame nyuma, akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tofali likatoa vumbi kidogo, na mkono wa Kamanda ukatoa sauti. Akamkabidhi fundi nyundo kwa heshima zote za kijeshi. Fundi alimaliza kwa siku mbili. Kabagwira alikaa kwenye kigoda upande wa ndani akitazama barabara ikiingia kipande kwa kipande. Winifred alihama siku mbili kabla ya mwezi wa nane kuisha, akabeba pipa lake yeye na Kabagwira, kila mmoja na mpini wake. Sisi tulikuwa tunajadili namna bora ya kulibeba.

Bila shaka tulijisifu. Tulimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mtaa huu umefunguliwa na sisi. Fasadi alivuka barabara mara sita kwa siku ili aitazame kazi yake kutoka ng'ambo. Na watu wakaanza kupita. Fundi cherehani wa geti la jirani naye akatoboa mlango, akaweka mashine barazani. Wanafunzi wakawa wanasimama kununua maziwa wakitoka shule, mabibi wakawa wanapumzika kwenye benchi letu bila kutuomba ruhusa.

Ni wiki ya pili ndipo tulipoelewa tulichokifanya. Barabara ikifunguka, haikufungulii wewe peke yako. Mchungaji alipita akanisalimu kwa jina, akaniuliza habari za Jumapili tatu zilizopita. Mteja wangu mmoja, niliyemwambia nipo kitandani na homa kali ndiyo maana hati yake imechelewa, alipita akaniona na bilauri ya mgando na mayai mawili. Alinunua maziwa, akanitakia afya njema.

Na Kabagwira akawa mwanabaraza. Saa kumi kamili hutoka kwa mlango wa ndani, akachukua bilauri yake, akakaa mwisho wa benchi. Kumbe miaka yote tuliyokuwa tunasema, yeye alikuwa peke yake na redio, anasikiliza. Siku ya kwanza alimsahihisha Fasadi kuhusu Kongo. Siku ya tatu alimsahihisha Vigae kuhusu ligi ya Uingereza. Hapandishi sauti. Husubiri tumalize, kisha huuliza tumeambiwa na nani. Swali hilo limeua mada zaidi ya ishirini, nyingi zikiwa zangu.

Ijumaa moja, kama saa kumi na moja, tulikuwa sote pale. Vigae alikuwa katikati ya hadithi simu yake ikalia. Akainua kidole tunyamaze. Alikuwa ni Wanjira, mkewe. Vigae akamwambia yupo Kanombe, kwa mteja, ghorofa ya tatu wanapima sakafu, na mtandao ni mbovu sana huku juu. Alisema kwa ufasaha. Hata nami nikaiona ile ghorofa.

Wanjira zamani alikuwa hapiti njia ile. Hakukuwa na cha kumleta, na kuta zile hazikuwa rafiki kwa mwanamke anayetembea peke yake. Siku hizo alikuwa ameanza kwenda kwa yule fundi cherehani. Alikuwa amesimama nyuma ya benchi letu, simu sikioni, mfuko wa mboga mkononi.

"Basi mwambie huyo mteja asogee kidogo," alisema, "nikae."

Mteja nilikuwa mimi. Nilisogea, kisha nikaona kusogea hakutoshi, nikasimama. Vigae alibaki na simu sikioni kama anayesubiri mtandao urudi. Winifred alileta bilauri ya maziwa ya moto bila kuagizwa, akaiweka mbele ya Wanjira, na Kabagwira akamuuliza hali ya watoto, wakaanza kuzungumza kama watu waliokuwa na mengi ya siku nyingi. Winifred mwenyewe akaegemea dirisha. Ghafla benchi likawa limejaa, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa juu yake.

Fasadi akakumbuka dawa zake za macho. Mimi nikakumbuka hati iliyochelewa ya yule mteja wangu. Vigae aliondoka kinyumenyume, akisema kwa mkewe maneno ambayo kila moja lilikuwa linaharibu lililotangulia, na mimi sikumsahihisha. Hakuna aliyethubutu kusimama pale kusubiri pikipiki. Tulipanda kilima kwa miguu, mmoja huku, mmoja kule.

Nilipofika juu nikageuka. Kamanda peke yake alikuwa amebaki amesimama kando ya mlango, bilauri mkononi. Sisi tulikuwa na pa kukimbilia. Yeye alikuwa tayari nyumbani kwake. Aliangalia barabara juu, akaiangalia chini. Baadaye Winifred ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Anasema alivuta kile kigoda kutoka ndani, akakileta mpaka karibu na wale wanawake, akakishika bila kukikalia, akamuuliza mkewe kama anaruhusiwa.

Kabagwira alisogeza bilauri yake.

"Kaa," akamwambia. "Lakini usihutubie."